Gramu Kumi na Nane za Mzee Nyangweso

Lavender na Kevo,

Kwanza mnisamehe mwandiko. Mkono wangu umezoea spana na kipande cha mti, kalamu unaishika kama kitu cha kuazima, na nikiharakisha herufi zinaangukiana. Maneno mengine nitayakosea. Darasa la nane nilimaliza, lakini Kiswahili cha shule kimechanganyika na cha soko la Rangwe na Kijaluo cha nyumbani, sasa sijui kipi ni kipi. Someni polepole kama ninavyoandika. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima.

Hapa Sindo watu hucheka nikisema nimestaafu. Dada yangu ananitambulisha kwa majirani hivi: "Huyu ni Akoth, mstaafu wa miaka ishirini na saba." Yeye anaona ni mzaha mzuri. Lakini nyinyi mlinisikia nikikohoa. Daktari aliangalia picha ya kifua changu, akauliza nimekaa kwenye unga miaka mingapi. Nikasema tisa. Akasema kuanzia leo unga niuone kwenye sufuria tu. Basi nimekuja huku kwenye upepo wa ziwa, nikae nipumue. Kupumua napumua. Kukaa ndiko kumenishinda. Tangu nianze ukurasa huu nimeinuka mara tatu. Kuna kinu cha posho chini ya barabara, na jamaa wa huko huwasha mota mahindi yakiwa tayari ndani. Nikisikia ule mngurumo nataka kukimbia kwa watu nisiowajua nikawaambie waache. Siendi, kwa sababu ya aibu. Ninarudi kukaa.

Kwa hiyo nawaandikia nyinyi mliobaki na kinu. Mshahara sitauandika, mnaujua, hautajaza mstari. Nitaandika kazi yenyewe.

Siku ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na minane. Fundi Ouma hakuniuliza jina. Alinipa kipande cha mti, kifupi, kizito upande mmoja, akasema, "Hii ndiyo kazi yako mpaka nikwambie. Swichi usiguse." Kazi ilikuwa kugonga. Nanyi mnagonga kila siku, ila huenda hakuna aliyewaambia sababu. Mahindi yakiisha, unga haujaisha. Unabaki kwenye kona, kwenye mfereji, nyuma ya mawe. Usipogonga, mwenye debe hili amemwachia kikombe kizima mwenye debe linalofuata. Wanawake wa Rangwe wanalijua hilo kabla ya kujua jina lako. Wanaweka beseni chini ya mdomo wa kinu na hawaondoki.

"Gonga."

"Nimegonga, mama."

"Umepapasa. Gonga, unga yangu iko ndani."

"Imeisha."

"Imeisha kwako. Mimi ndio nilibeba hiyo mahindi kwa kichwa."

Mimi siwezi kubishana na mtu mzima, hata mtu mdogo siwezi, basi nikagonga. Miezi miwili niligonga mpaka watu wa duka la jirani wakalalamika. Fundi Ouma akadhani nina bidii. Sikumsahihisha.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa ya omena, dagaa wetu wa ziwani. Mnajua sheria yetu: omena husagwa jioni, baada ya kila mtu. Mama mmoja hakutaka kungoja. Akaichanganya ndani ya mahindi ya uji wa mtoto, akafunika juu na mahindi safi, akapita nayo asubuhi. Aliyemfuata alikuwa na wimbi ya uji wa wageni wa harusi. Kesho yake huyo wa wimbi alirudi na sufuria nzima, akaiweka mbele ya Fundi Ouma.

"Onja."

Fundi akaonja. Akanipa mwiko nami nikaonja. Ulikuwa uji wa wimbi uliopikwa na ziwa lote ndani yake.

Siku hiyo tulifungua kinu mbele ya yule mwenye wimbi na kufagia kila kilichobaki. Kilijaa kikombe cha chai, na mimi nilikuwa nimegonga vizuri. Fundi Ouma akakishika kile kikombe akaniambia, "Kila kinu kinaficha. Jua chako kinaficha wapi." Miaka tisa nimefanya kazi na maneno hayo.

Baadaye alinifundisha mawe. Dada yangu anasoma juu ya bega langu na anauliza mawe gani. Si mawe. Ni sahani mbili za chuma zenye meno, moja imesimama na nyingine inazunguka, ila sote huziita mawe. Alinifundisha kupaka masizi kwenye meno ya sahani moja, kuzungusha kwa mkono, halafu kutazama masizi yameguswa wapi. Yakiguswa upande mmoja tu, sahani imelala, unaweka kipande cha bati nyuma yake. Alinifundisha kukaza mawe kinu kikiwa kinazunguka, kwa sikio, kamwe si kikiwa kimesimama. Na alinifundisha kwamba mawe mapya hayapewi nafaka ya mtu. Unayapa kwanza mahindi ya kufagia, yakwaruzane, yazoeane, na ule unga wa kwanza unamwaga. Hilo la mwisho lilikuja kuniponza.

Mwaka jana Mama Dorka alikuja kinuni. Nilikuwa tayari nakohoa kila asubuhi na kusema ni baridi. Mnamfahamu: muuguzi aliyefanya kazi ng'ambo miaka mingi, akastaafu, akarudi kwa mumewe Mzee Nyangweso na mashine ya espreso inayong'aa, nzito kama mbuzi. Alikuwa na kahawa iliyokaangwa, kwenye mfuko wa karatasi. Aliuliza kama tunaweza kuisaga.

"Hapa?" Fundi Ouma akasema. "Mama Dorka, jana jioni tulisaga omena."

"Basi mzee wangu atasema kahawa yake imevuliwa."

Akakaa juu ya gunia akatueleza. Mzee Nyangweso ana miti thelathini na sita ya kahawa, safu sita za miti sita, aliyoachiwa na baba yake. Ameichuma maisha yake yote, ameipeleka kiwandani, na hajawahi kuinywa. Yeye hunywa chai. Sasa amechoka nayo, anataka kupanda miwa, na ameshamwambia Owino mwenye msumeno wa petroli aje Jumamosi ya wiki itakayofuata. Mama Dorka alimwomba jambo moja tu. Kabla ya msumeno, anywe kikombe kimoja cha kahawa ya miti yake mwenyewe. Mzee akakubali kwa maneno haya: "Kikombe kimoja, halafu uniache."

Kwa hiyo alichuma matunda kidogo, akayaanika, akayatwanga, akayapepeta, akayakaanga kwenye kikaango. Zilipatikana gramu mia mbili hivi. Espreso moja inataka gramu kumi na nane, yaani dozi kumi na moja, basi. Na espreso si chai ya majani. Maji yanasukumwa kwa nguvu ndani ya kahawa iliyoshindiliwa. Kahawa ikiwa ya chengachenga, maji yanapita kama mvua na kikombe kinakuwa kichachu. Ikiwa laini kupita kiasi, maji yanakwama. Inatakiwa ichukue kama nusu dakika. Kisagio alichokuwa nacho kilikuwa kile cha kisu kinachozunguka, ambacho hutoa vumbi na kokoto pamoja.

"Nunua chochote cha meno," Fundi Ouma akasema.

"Chochote kinabakisha kahawa ya jana ndani. Nikikijaribu na kahawa ya duka, mzee atakunywa nusu yake na nusu ya duka. Sitaki. Ikiwa mbaya, iwe mbaya yake. Ikiwa nzuri, iwe nzuri yake. Nataka kisagio cha dozi moja. Unatia gramu kumi na nane, unatoa gramu kumi na nane."

Fundi Ouma akanigeukia. "Hiyo ni kazi ya mtu wa kugonga."

Magoti yake hayapendi safari, na Mama Dorka alikuwa na kliniki ya viganja, ambavyo vilichoka kwa kuinua wagonjwa. Kwenye simu alikuwa ameona visagio vitatu vilivyotumika, vyote Migori. Ndiyo maana mimi, ambaye hata kuagiza chai hotelini naona taabu, nilitumwa peke yangu. Nilibeba kahawa ya duka ya kujaribia, mizani ndogo ya Mama Dorka, na kipande changu cha mti ndani ya mfuko.

Cha kwanza kilikuwa hotelini. Mama mwenye hoteli alikuwa ameacha kuuza kahawa. Sikujua nianze na maneno gani, basi nikaweka mizani mezani bila kusema. Sasa, Migori mtu mwenye mizani ndogo vile ni mnunuzi wa dhahabu.

"Kwani umeleta dhahabu?"

"Hapana, mama. Kahawa."

"Pima basi, tuone kama itang'aa."

Nikatia gramu kumi na nane. Zikatoka kumi na tatu. Nikagonga kwa kiganja, zikafika kumi na nne na nusu. Nikatoa kipande changu cha mti.

"Wewe msichana, umekuja kununua ama kupiga?"

"Nagonga tu, mama."

"Kwenu mnagonga mashine za watu?"

"Ndiyo, mama."

Alinitazama, akaona simtanii, akacheka mpaka akamwita mpishi aje aone. Ziliishia kumi na sita, na zenyewe hazikuwa zote zangu. Nilinusa harufu ya mafuta ya zamani. Kisagio hakikuwa kibaya. Kina bakuli kubwa juu, kimetengenezewa foleni ya wateja, na kinachobaki ndani kinaingia kwenye kikombe kinachofuata dakika hiyo hiyo. Mtu anayekunywa kikombe kimoja asubuhi nyumbani kwake atakuwa anakunywa jana kila siku. Nilitaka kumweleza hivyo yule mama. Nilisema tu asante.

Cha pili kilikuwa cha mkono, kwa kijana anayetengeneza simu. Zilitoka kumi na nane kasoro punje. Roho yangu ikatulia. Halafu nikakikaza mpaka ulaini wa espreso nikazungusha, na kufikia dozi ya pili bega lilikuwa linawaka. Nikafikiria viganja vya Mama Dorka.

"Si mzee atamzungushia?" kijana akasema.

Huyo hakumjua Mzee Nyangweso. Lakini niwaambie ukweli, ningechukua hicho, ningeuchosha mkono wangu Jumamosi moja, na shida zote zilizofuata zisingekuwepo. Nilifikiria asubuhi zote za baadaye nikasahau ile moja iliyokuwa na msumeno.

Cha tatu kilikuwa kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihama. Kidogo, cha umeme, kimeinama mbele kama mtu anayesikiliza. Juu hakina bakuli, kina kikombe cha dozi moja na kipuliza cha mpira. Unasaga, halafu unabonyeza mpira, pumzi inafukuza kilichojificha. Nilipata kumi na saba na nusu. Nikabonyeza mara mbili nikapata kumi na nane kasoro kidogo sana. Nilirudia mara nne. Nikaweka sikio, nikasikia mawe yakigusana sawa pande zote, sauti moja bila kigugumizi. Mwalimu akasema mawe yamechoka kidogo, akaongeza mengine mapya ndani ya pakiti. Nikampigia Mama Dorka nikasema, "Nimepata," halafu maneno yakaniishia, tukasikilizana tu mpaka akakata.

Alhamisi, nyinyi mkiwa bado hamjaja kinuni, nilikuwa peke yangu. Fundi Ouma alikuwa kwenye mazishi Ogwedhi. Nikafungua kisagio, nikatoa mawe ya zamani, nikafunga mapya. Mawe mapya hayapewi nafaka ya mtu. Nikafagia, nikachagua mahindi safi kiganja kimoja, nikatia, nikawasha. Sikufikiri hata kidogo. Mikono ilijua.

Kilinguruma. Kikatoa mlio mmoja mkavu. Halafu mota ikazunguka vizuri kabisa, laini, na hakuna kilichosagwa. Kipini kinachoshikilia jiwe la chini kilikuwa kimekatika, na meno mawili ya jiwe jipya yamemeguka. Kahawa iliyokaangwa unaivunja kwa jino. Mahindi makavu ndiyo yanavunja jino. Kila mtoto Rangwe anajua hilo.

Nilifunga kinu mchana, jambo ambalo sijawahi kufanya, nikatembea kwa Mama Dorka. Njiani nilijipangia hotuba. Nilimkuta anafua, na hotuba ikapotea.

"Mama, nimeweka mahindi."

"Wapi?"

"Kwenye kisagio."

Akaacha nguo majini. "Kwa nini, nyathina, mwanangu?"

"Sisi hufanya hivyo. Mawe yakiwa mapya."

Alijifuta mikono. "Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi," akasema, "nilichemsha kipimajoto. Kila kitu kingine tulikuwa tunachemsha."

"Ikawaje?"

"Kikapasuka. Jumamosi ni keshokutwa. Nenda ukamngoje Ouma."

Mzee Nyangweso alikuwa nyuma ya nyumba, na masikio yake ni mazima. "Owino haahirishwi," akasema kutoka huko. "Mimi nilikubali kikombe. Fundi sikukubali."

Fundi Ouma alirudi Ijumaa asubuhi. Nikamwonyesha. Akageuzageuza lile jiwe lililomeguka.

"Mahindi."

"Ndiyo, fundi."

"Ya njano ama nyeupe?"

"Nyeupe."

"Angalau," akasema, akaenda kutafuta spoki ya baiskeli.

Alikata kipini kutoka kwenye spoki akakipiga tupa mpaka kikaingia. Tukarudisha mawe ya zamani. Nilipaka masizi, nikazungusha, yakaguswa upande mmoja tu. Bati ni nene mno kwa kitu kidogo vile, kwa hiyo nikakata karatasi ya kung'aa ya pakiti ya majani ya chai, nikaiweka nyuma ya jiwe. Mara ya tatu masizi yakaguswa pande zote. Halafu kuutoa unga wa mahindi. Nilipiga brashi, nikagonga, nikabonyeza kile kipuliza mpaka Fundi akaniambia nitakipasua. Mwisho ilibidi kuosha kwa kahawa, na kahawa ya duka haikufaa, kwa sababu ingejiacha yenyewe ndani. Tukasaga dozi moja ya mzee tukaimwaga. Zikabaki kumi.

Jumamosi Owino alifika mapema, akaweka msumeno chini, akakaa kando yake. Mama Dorka alikuwa kwenye mashine ya espreso, mimi kwenye kisagio, jikoni, mlango wazi. Dozi ya kwanza ilipita kwa sekunde nane, maji ya rangi ya chai. Nikakaza. Ya pili, sekunde kumi na mbili. Nikakaza zaidi. Ya tatu ilikwama, mashine ikaguna, yakatoka matone matatu. Nikalegeza. Ya nne ikapita kama ya kwanza.

Mzee akasimama mlangoni. "Mnasaga ama mnaomba?"

"Mos, jaduong'. Subira, mzee," Mama Dorka akasema bila kugeuka.

"Mzee, jua linapanda," Owino akasema nje.

Ya tano ilikwama. Ya sita ikapita. Hapo nilikuwa nakohoa, na Mama Dorka haniulizi kitu, ambako ni kubaya kuliko kuulizwa. Nikakitazama kile kisagio. Tangu siku ya mahindi nilikuwa nakiogopa. Nilikuwa nakizima kwanza ndipo nageuza pete ya kukazia. Kikiwa kimesimama, kile kipini cha spoki kina nafasi kidogo, kinahama, na jiwe halikai pale ulipoliweka. Miaka tisa sijawahi kukaza kinu kilichosimama. Nilikuwa nafanya kazi kama mtu ambaye hajawahi kufundishwa.

Nikawasha. Nikaweka sikio. Nikakaza kikizunguka, polepole, mpaka nikasikia meno yakianza kunong'onezana, nikarudisha nyuma upana wa ukucha. Nikatia dozi ya saba. Sauti ilikuwa kama mtu anayesugua viganja vyake pamoja.

Sekunde ishirini na saba. Ilitoka nyeusi, ikawa nyekundu kama ng'ombe, nyembamba kama mkia wa panya. Mama Dorka akaonja kwa kijiko akaniangalia.

"Rudia hivyo hivyo," akasema. "Hiyo ndiyo yake."

Sikugusa pete. Gramu kumi na nane, kumi na nane zikatoka. Akamimina kwenye kikombe kidogo, akampelekea mzee kwenye kiti chake nje.

"Hii ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

"Miti thelathini na sita?"

Owino akacheka. Mzee akanywa kidogo. Uso ukajikunja. Nikatazama chini.

"Ni chungu," akasema.

Akanywa tena.

"Halafu si chungu." Akasukasuka ulimi mdomoni. "Tukiwa wadogo, tukichuma, tulikuwa tunafyonza lile tunda lenyewe halafu tunatema mbegu. Baba akituona anatuchapa. Iko hapo nyuma, ile ladha." Akakitazama kikombe ndani. "Hii ni ya safu gani?"

Mama Dorka hakuwa ametarajia swali hilo. "Nilichuma kila mahali. Nikachanganya."

"Ulichanganya." Sasa alikuwa amekasirika kweli. "Sasa mimi nitajuaje ya kung'oa?"

"Mzee," Owino akasema, "mimi nimekuja na petroli."

Mzee akautazama msumeno. Alikuwa amempa mtu neno lake, na mtu ametoka kwao asubuhi. Mwisho akainuka, akampeleka Owino kwenye safu ya karibu na barabara, ile iliyoliwa na magonjwa. Tukasikia msumeno. Mama Dorka aliosha kikombe kile, akakiosha tena. Miti sita haichukui muda mrefu. Halafu kukawa kimya, na kimya kile tulikisikiliza kuliko kelele, mpaka tukawaona wanarudi wote wawili, msumeno umezimwa.

"Safu hizi tano zingoje," mzee akamwambia mkewe. "Kila safu na debe lake. Na huyu msichana asage moja moja. Asichanganye." Akakaa. "Kuna nyingine humo?"

Zilikuwa zimebaki mbili. Alikunywa moja. Ya mwisho alimpa Owino, naye akatia sukari vijiko vitatu.

Msimu ulipofika nilisaga safu ya kwanza. Mzee alikunywa, akainua mabega, akafunga uzi kwenye mti wa mwanzo wa safu ile. Hakutuambia uzi maana yake nini, na Mama Dorka alinikataza kuuliza, kana kwamba ningethubutu. Safu ya pili aliinywa mara mbili siku moja na hakufunga kitu. Kabla ya ya tatu kukauka, daktari alinionyesha picha yangu.

Lavender, kisagio sasa ni kazi yako. Kaza kikizunguka tu. Kipini ni spoki bado, kisikilize. Kahawa ikishikana kwenye kuta za kisagio, lowesha ncha ya kidole na kugusa buni mara moja, isizidi. Mawe mapya yakija, yape kahawa mbovu, na kama Kevo ataleta mahindi mfukuze.

Na mniandikie. Simu mnajua huwa nashika halafu nanyamaza, mnapoteza salio bure. Yule mama anayeleta omena Rangwe siku ya soko hupita hapa kwetu, mpeni barua, ataniletea. Dada yangu anasema nikae nisubiri habari zije zenyewe, lakini mimi silali vizuri. Safu ya tatu ilitoka vipi? Mzee alifunga uzi, au alinywa tena? Na ile yenye uzi, msumeno umerudi? Kama kuandika ni taabu kwenu pia, msijali mwandiko. Niandikieni nambari za safu zilizosimama, hata bila salamu.

Wenu,
Akoth